Barua ya Uhamisho wa Ng'ambo: Mtoto Atasoma Shule Gani?

Barua ya uhamisho wa kwenda kufanya kazi ng'ambo hupokewa kwa furaha katika nyumba nyingi. Jamaa huja kupongeza, masanduku huanza kutolewa uvunguni, na watoto huwatambia wenzao shuleni kwamba karibu watapanda ndege. Lakini usiku, wageni wakishaondoka, baba na mama hubaki na swali moja lisilo na jibu jepesi: je, watoto watasoma wapi?

Swali hili si la mabalozi peke yao. Watanzania wanaofanya kazi nje ni watu wa kila aina: wahasibu, madereva na makatibu muhtasi wa balozi, wauguzi, wahandisi, walimu wa Kiswahili, watumishi wa mashirika ya kimataifa na wa kampuni za watu binafsi. Wengi wao ni wazazi wa kipato cha kawaida, na kwao uamuzi wa shule ni mzito kuliko uamuzi wa nyumba ya kupanga. Nyumba isipofaa, mtu huhama mwezi ujao. Mwaka wa masomo ukipotea, mtoto huubeba upungufu huo mpaka mlango wa chuo kikuu.

Makala haya yanakusudia kumpa mzazi mambo ya kupima kabla hajatia saini fomu ya shule yoyote. Jambo la kwanza, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni hili: usianze kwa kuuliza shule ipi ni nzuri. Anza kwa kuuliza mtoto wako atakuwa wapi, na katika darasa gani, siku mkataba wako utakapokwisha.

Shule za wasafiri

Shule za kimataifa hazikuanza kama shule za fahari. Mwaka 1924, watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani waliokuwa Geneva, Uswisi, walikuwa na watoto waliotoka nchi mbalimbali na kusema lugha mbalimbali, na ambao baada ya miaka michache wangerudi makwao. Wakaanzisha Shule ya Kimataifa ya Geneva. Mwaka huo huo ilianzishwa nyingine huko Yokohama, Japani. Mwaka 1947, wazazi waliokuwa wakiutumikia Umoja wa Mataifa mjini New York wakafanya vivyo hivyo.

Hapa kwetu pia jambo hili si geni. International School of Tanganyika ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1969 ikafuata shule ya kimataifa ya Moshi, iliyokusudiwa kwanza watoto wa madaktari na wataalamu wa kigeni wa hospitali ya KCMC. Tangu mwaka 2019 shule hiyo imo katika umoja wa shule za United World Colleges. Wazazi hao wa kigeni walikuja Moshi na swali lile lile ambalo Mtanzania huenda nalo Addis Ababa, Muscat au Geneva.

Basi maana ya asili ya shule ya kimataifa ni shule ambayo mtoto anaweza kuingia akitoka nchi nyingine, na kutoka kwenda nchi nyingine, bila kupotea njia. Hicho ndicho kipimo chake cha kweli. Bwawa la kuogelea, ukumbi wa michezo na basi lenye viyoyozi ni vitu vizuri, lakini havimo katika maana hiyo. Tena neno "kimataifa" halina mlinzi. Katika nchi nyingi mwenye shule anaweza kuliandika juu ya lango lake pasipo kuulizwa na mtu yeyote. Mzazi hana budi kuuliza mwenyewe: shule imesajiliwa na serikali ya nchi hiyo? Mitihani inayofanywa hapo ni ya baraza gani? Je, imekaguliwa na kuthibitishwa na chombo cha nje, kama vile Council of International Schools?

Njia nne

Kwa jumla shule hizi hufuata mojawapo ya njia nne, na kila njia ina mwisho wake.

Njia ya kwanza ni ya Kiingereza. Mtoto hufanya mtihani wa IGCSE akiwa na umri wa miaka 16 hivi, kisha wa A Level akiwa na 18. Mtihani wa IGCSE ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1988. Njia hii ni jirani na yetu, kwani sisi wenyewe tulirithi mitihani ya Cambridge. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria mwaka 1973. Lakini mpango wa kidato cha nne na kidato cha sita bado unafanana na ule wa Waingereza.

Njia ya pili ni ya Kimarekani, yenye madarasa 12. Hapa hakuna mtihani mmoja wa taifa unaoamua kila kitu. Mwanafunzi hukusanya masomo aliyofaulu mwaka hata mwaka, na katika miaka minne ya mwisho jumla ya masomo hayo ndiyo inayompatia cheti. Mzazi anayetaka mtoto arudi kusoma Tanzania, au aende Ulaya, aulize mapema kama cheti hicho peke yake kitakubaliwa, maana vyuo vingi nje ya Marekani hutaka mitihani ya ziada.

Njia ya tatu ni ya Kifaransa. Ufaransa ina wakala wa serikali, ulioundwa mwaka 1990, unaosimamia mtandao wa shule zaidi ya 500 katika nchi zaidi ya 130. Shule hizi hufuata muhtasari mmoja, hata mtoto aliyetoka shule ya Kifaransa ya Dar es Salaam anaweza kuingia ile ya Addis Ababa akaendelea na sura ile ile ya hesabu. Ni faida kubwa kwa familia inayohamahama, lakini mtoto asiyejua Kifaransa ataiingia kwa shida, na akiiacha katikati ataiacha kwa shida vile vile.

Njia ya nne ni International Baccalaureate, ambayo wengi huiita IB kwa kifupi. Ilianzishwa Geneva mwaka 1968 kwa ajili ya watoto hawa hawa wa wasafiri, na leo iko katika shule zaidi ya 5,000. Diploma yake huchukua miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Mwanafunzi husoma masomo 6, huandika insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, husoma somo la kutafakari maarifa, na hushiriki michezo, sanaa na kazi za kuwatumikia watu. Kila somo lina alama 7, na insha hiyo pamoja na somo la kutafakari maarifa huongeza hadi 3, hivyo jumla kuu ni 45. Asiyefikisha 24 hapati diploma. Vyuo vikuu vya nchi nyingi huitambua. Lakini kumbuka kuwa ni kazi ya miaka miwili mfululizo: anayehamishwa katikati akaenda mahali pasipokuwa na shule ya IB huondoka mikono mitupu.

Hakuna njia iliyo bora kwa kila mtoto. Iliyo bora ni ile ambayo mwisho wake utakutana na mahali mtoto anapokwenda.

Nyumba moja, maamuzi matatu

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mfano wa familia ya kufikirika. Baba ni mhasibu, naye amepata mkataba wa miaka minne mjini Addis Ababa, kuanzia Januari. Mji huu si mgeni kwa Watanzania. Ndiko ulikoundwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tarehe 25 Mei 1963, na Dakta Salim Ahmed Salim aliuongoza umoja huo akiwa Katibu Mkuu tangu mwaka 1989 hadi 2001. Leo ni makao makuu ya Umoja wa Afrika na ya Kamisheni ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Kwa sababu hiyo shule za wageni zipo za namna mbalimbali: International Community School yenye asili ya Kimarekani, Sandford yenye asili ya Kiingereza, Lycée Guebre-Mariam ya Kifaransa iliyofunguliwa mwaka 1947, na shule ya Ubalozi wa Ujerumani.

Familia hii ina watoto watatu. Mdogo ana miaka 7, wa kati ana miaka 12 na amemaliza darasa la sita, na mkubwa ni msichana wa miaka 15 aliyemaliza kidato cha tatu. Wazazi wengi wangesema, "Tuwapeleke wote shule moja, basi moja, tumalize." Hebu tupige hesabu.

Yule mdogo ndiye mwepesi. Atakaa ng'ambo tangu miaka 7 hadi 11, na hakuna mtihani mkubwa utakaomkuta njiani. Kwake mfumo si hoja kubwa. Hoja ni walimu wema, darasa lisilojaa kupita kiasi, na msaada wa lugha. Karibu shule yoyote nzuri itamfaa, hata ile ya ada nafuu.

Wa kati anahitaji kalamu na karatasi. Akiondoka sasa hatafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao matokeo yake yamekuwa yakitumika kuwachagua wanaoingia kidato cha kwanza katika shule za serikali. Wakati huo huo, Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Kwa hiyo mzazi asitegemee kumbukumbu za enzi zake, bali aende kuuliza ofisi ya elimu kabla ya kusafiri. Akiingia shule ya Kiingereza akiwa na miaka 12, ataanza masomo ya IGCSE katika mwaka wa pili wa mkataba na kufanya mtihani Mei na Juni ya mwaka wa nne. Baba atamaliza mkataba Desemba. Kijana atarudi na cheti kamili mkononi. Lakini akipelekwa shule ya Kimarekani, Desemba hiyo itamkuta ameanza tu miaka minne ya kukusanya masomo au yuko katikati yake, hana cheti chochote cha kuonyesha nyumbani isipokuwa ripoti za muhula. Shule inaweza kuwa nzuri mno, na bado ikawa si shule ya mtoto huyu.

Msichana mkubwa ndiye mtihani wa busara ya wazazi. Amebakiza mwaka mmoja tu afanye mtihani wa kidato cha nne. Ukimng'oa sasa, utamtoa katika safari aliyoitembea miaka mitatu na kumwingiza katikati ya safari nyingine, kwa masomo yenye mpangilio tofauti. Pengine lililo jema ni kumwacha kwa shangazi yake au bwenini, afanye mtihani wake Novemba, apate matokeo Januari, halafu Septemba ajiunge na wazazi wake kwa ajili ya IB au A Level ya miaka miwili. Atamaliza Mei au Juni ya mwaka wa nne, naye pia atarudi na cheti kamili. Mama ataumia moyo kwa kumwacha binti mwaka mzima na nusu. Hilo hatulipuuzi, wala hatusemi kwamba kila nyumba ina shangazi wa kuaminiwa. Lakini uchungu huo upimwe na uchungu wa binti wa miaka 19 asiye na cheti cha huku wala cha kule.

Watoto watatu wa tumbo moja, na kila mmoja ana jibu lake. Hapa pia yafaa kumuuliza mwajiri swali ambalo watu huona haya kuliuliza: mkataba ukivunjika kabla ya wakati, au ukihamishwa mwaka wa pili, itakuwaje? Kama mkataba si wa kuaminika, usimwingize mtoto katika kozi ya miaka miwili isipokuwa unajua mahali atakapoimalizia.

Kalenda hazifanani

Mwaka wa shule zetu huanza Januari. Ethiopia, Ulaya na Marekani huanza Agosti au Septemba. Japani na sehemu kubwa ya India huanza Aprili. Familia inayofika Januari huwakuta watoto wengine wako katikati ya mwaka, na shule itapendekeza ama mtoto aruke nusu mwaka ama arudie nusu mwaka.

Kwa mtoto mdogo, kurudia nusu mwaka si aibu wala hasara; humpa nafasi ya kujifunza lugha. Kwa aliye karibu na mtihani, miezi sita ni mingi. Kabla ya kukubali tarehe ya kuripoti kazini, muulize mwajiri kama familia inaweza kufuata baadaye, mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Waajiri wengi hawalifikirii jambo hili mpaka waulizwe. Fikiria na safari ya kurudi pia. Matokeo ya IGCSE ya mwezi Juni hutoka Agosti, na kidato cha tano hapa nyumbani kwa kawaida kinakuwa kimekwisha kuanza Julai. Kijana huyo atahitaji nafasi iliyoandaliwa mapema, au subira ya miezi kadhaa.

Kiingereza cha uwanjani na cha darasani

Watoto wetu wengi husoma shule za msingi kwa Kiswahili. Mtoto wa namna hiyo akiingizwa ghafla katika darasa la Kiingereza huweza kukaa kimya miezi mingi, na mwalimu asiyemwelewa akadhani ni mzito wa akili. Baada ya mwaka mmoja au miwili atakuwa akicheza na kubishana na wenzake kwa Kiingereza kizuri, na wazazi watafurahi wakiamini kazi imekwisha.

Kazi haijaisha. Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwa lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo ni vitu viwili. Ya mazungumzo huja katika muda wa miaka miwili hivi. Ile ya kusomea sayansi, kuandika insha na kutoa hoja huweza kuchukua miaka 5 hadi 7. Ndiyo maana mzazi aulize shule: mna mwalimu maalumu wa kuwasaidia wanaojifunza Kiingereza? Huwasaidia saa ngapi kwa juma, na kwa miaka mingapi? Msaada huo umo katika ada, au hulipiwa kando? Shule nyingi huulipisha kando, nayo si fedha kidogo.

Usisahau shule za kawaida za nchi unayokwenda. Geneva, shule za serikali ni za bure na hufundisha kwa Kifaransa. Mtoto mdogo atakayekaa huko miaka mingi anaweza kufaidika nazo sana. Nairobi, mtoto wa Kitanzania atakuta Kiswahili ni somo katika shule za Kenya. Addis Ababa, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiamhari, lugha yenye herufi zake yenyewe, na hilo ni gumu kwa mtoto wa kukaa miaka michache. Uamuzi hutegemea nchi, umri na muda.

Ada, na mikia yake

Ada ya shule kubwa za kimataifa aghalabu hupita dola 10,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na katika miji ya gharama kubwa zipo zinazozidi dola 30,000. Kwa mfanyakazi wa kawaida hizi si fedha za kulipa mfukoni. Kwa hiyo ada ijadiliwe kabla ya kutia saini mkataba wa kazi. Nguvu ya mfanyakazi iko pale anapokuwa bado hajakubali.

Soma maneno ya mkataba kwa makini. Je, mwajiri analipa ada yote au sehemu? Kwa watoto wangapi, na hadi umri gani? Analipa shule moja kwa moja, au utalipa kwanza urudishiwe? Watumishi wa kimataifa wa Umoja wa Mataifa hupata ruzuku ya elimu, lakini hurudishiwa sehemu tu, na tangu mwaka 2018 kadiri ada inavyopanda ndivyo sehemu inayorudishwa kwa kiwango cha juu inavyopungua. Watumishi walioajiriwa hapo hapo nchini hawapati ruzuku hiyo. Majirani wawili katika jengo moja la ofisi wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa.

Halafu ada ina mikia. Kuna fedha ya kuomba nafasi, ambayo hairudishwi hata mtoto akikataliwa. Kuna mchango wa majengo, basi, chakula, sare, kompyuta, safari za masomo na ada ya mitihani. Omba orodha yote kwa maandishi, ujumlishe mwenyewe. Tazama pia kama ada ni ya dola na mshahara wako ni wa fedha nyingine, maana thamani ya fedha ikishuka, pengo ni juu yako. Na uliza masharti ya kuondoka: shule nyingi hutaka taarifa ya muhula mzima, la sivyo utalipia muhula ambao mtoto hakusoma.

Usalama wa mtoto

Jambo hili wazazi huona haya kulitaja, wakidhani shule ya ada kubwa haiwezi kuwa na maovu. Mwaka 2014 iligunduliwa kuwa mwalimu mmoja wa Kimarekani, aliyefundisha katika shule za kimataifa za nchi nyingi kwa takriban miaka 40, alikuwa akiwadhulumu wavulana kimwili. Alikuwa amekwisha kupatikana na hatia ya kosa la namna hiyo huko California mwaka 1969, lakini alihama nchi hata nchi bila rekodi hiyo kumfuata. Baada ya tukio hilo, vyama vya shule za kimataifa viliunda mwaka huo huo kikosi cha pamoja cha kuimarisha ulinzi wa watoto.

Basi uliza bila kuona haya: shule huchunguza vipi historia ya walimu na wafanyakazi wake? Nani ndani ya shule hupokea malalamiko ya mtoto? Safari za kulala nje husimamiwa na nani? Mwalimu mkuu mwema atajibu kwa utulivu, na hata kukuonyesha maandishi. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Ikiwezekana, itembelee shule siku ya masomo, si siku ya maonyesho. Tazama watoto wanavyotoka darasani na walimu wanavyosema nao. Uliza walimu hukaa miaka mingapi. Shule inayobadilisha walimu kila mwaka ina sababu. Watafute Watanzania waliokutangulia katika mji huo, maana mzazi mwenye mtoto ndani ya shule atakuambia mambo ambayo hayamo katika kitabu cha matangazo.

Kiswahili kisiachwe uwanja wa ndege

Mwanasosholojia Mmarekani Ruth Useem, aliyechunguza maisha ya familia za Kimarekani nchini India katika miaka ya 1950, aliona kuwa watoto wanaokulia ng'ambo si wa utamaduni wa wazazi wao kikamilifu wala si wa nchi wanayoishi. Wanaishi katika utamaduni wa tatu. Watoto hawa hujua mengi, huzoea watu wa kila rangi, na hawaogopi ugeni. Lakini wengi wao wakiulizwa "kwenu wapi?" hubabaika.

Mtoto wa mfanyakazi wa Kitanzania ana hatari nyingine juu ya hiyo. Darasani atakaa na watoto wa matajiri, wenye dereva na mtumishi wa kila kazi. Siku mkataba wa baba utakapokwisha atarudi kwenye daladala, foleni ya maji na binamu kumi. Ikiwa amefundishwa kuona haya, atakuwa mgeni nyumbani kwao. Afue nguo zake, aandikie bibi barua au ampigie simu kila juma, na likizo ikiruhusu aje kijijini.

Lugha ndiyo kamba inayomfunga na nyumbani, nayo inaweza kuingia hata katika cheti. Cambridge wana mtihani wa Kiswahili katika IGCSE. Katika IB, Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zinazosomwa, na mwanafunzi ambaye shule yake haina mwalimu wa lugha ya kwao anaweza kuruhusiwa kusoma fasihi ya lugha hiyo kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule. Wazazi wengi hawalijui hili, na shule nyingi hazilitaji mpaka ziombwe. Liombe siku ya kwanza.

Wala mtu asidhani Kiswahili kitamchelewesha mtoto. Mwaka 2004, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliuhutubia mkutano wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili. Mwaka 2022, umoja huo ulikipitisha kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi za kazi. Lugha hiyo ambayo mtoto anaona haya kuisema ndani ya basi la shule ina viti vyake katika ukumbi mkuu wa mji ule ule.

Kabla ya kufunga masanduku

Chukua vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, na ripoti za shule za miaka miwili au mitatu iliyopita, zikiwa na mhuri wa shule, na tafsiri yake kama zimeandikwa kwa Kiswahili. Pita kwenye ofisi ya elimu uulize darasa atakaloingia mtoto akirudi. Fahamu kuwa Baraza la Mitihani la Tanzania ndilo linalolinganisha vyeti vya sekondari vilivyopatikana nje na vya kwetu. Uliza linataka masomo gani na viwango gani kabla mtoto hajachagua masomo, si baada ya kufaulu. Na siku ya kuondoka ng'ambo, usiliache lango la shule bila barua ya uhamisho, ripoti zote na muhtasari wa masomo aliyosoma.

Kisha keti na watoto wenyewe. Waeleze mnakwenda wapi, kwa miaka mingapi, na mtarudi lini. Mtoto wa miaka 12 anayejua kuwa atafanya mtihani wake Juni ya mwaka wa nne na kurudi nyumbani Desemba husoma kwa utulivu kuliko yule anayeambiwa tu, "Tutaona tukifika." Andikeni miaka hiyo kwenye karatasi moja, kila mtoto na mstari wake, muitundike ukutani. Karatasi hiyo ndiyo itakayowaonyesha ni shule ipi ya kuipelekea fomu.